Kuahirisha Kasoro ya Ndege Kaskazini mwa Kanada

Vijana waliomaliza masomo ya ufundi wa ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam, pamoja na wengine wa Nairobi, huniandikia mara kwa mara wakitaka kujua kazi hii ikoje huku kaskazini mwa Kanada. Maswali yao mengi ni ya leseni, mshahara na baridi, na yote ni maswali ya haki. Lakini lipo jambo moja ambalo hawaliulizi, kwa kuwa halionekani mpaka mtu awe ndani ya kazi yenyewe, nalo ni uamuzi wa kuiruhusu ndege iondoke huku ikijulikana kuwa ina kasoro. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko baridi, na ndilo ninalotaka kulieleza leo.

La leseni nilimalize haraka. Mamlaka ya usafiri ya Kanada hutoa leseni za fundi wa ndege kwa madaraja: M1 na M2 kwa mifumo na injini, E kwa vifaa vya elektroniki, S kwa bodi na muundo wa ndege. Leseni ya nyumbani haigeuzwi kuwa ya Kanada kwa kugongwa muhuri tu. Uzoefu hupimwa, kitabu cha kazi ulizofanya hukaguliwa na mitihani hufanywa. Kwa hiyo, yeyote anayefikiria safari hii aanze leo kuandika kila kazi aliyoifanya, aipate saini ya msimamizi wake, na asitegemee kwamba atakumbuka baadaye. Mshahara unatosha kuishi, ijapokuwa nyumba na chakula ni ghali.

Kituo chetu kipo Yellowknife, mji mkuu wa Northwest Territories, kando ya Ziwa Great Slave. Nafanya kazi katika shirika dogo la kanda lenye ndege za ATR 42, zile za injini mbili za propela zinazobeba abiria upande mmoja na mizigo upande wa pili, kulingana na safari ya siku hiyo. Kutoka hapa ndege huelekea Kugluktuk, Cambridge Bay, Gjoa Haven na vijiji vingine vya pwani ya Aktiki. Eneo la Nunavut, vilipo vijiji hivyo, lina vijiji na miji 25, na hakuna hata kimoja kilichounganishwa na kingine kwa barabara. Meli hufika majira ya kiangazi tu, bahari inapofunguka. Miezi mingine yote, maziwa ya watoto, dawa, betri za magari, barua, mwalimu mgeni na mgonjwa anayekwenda hospitali hupita mlango mmoja, na mlango huo ni wa ndege.

Kabla sijafika kwenye kuahirisha kasoro, ni lazima nieleze baridi inavyoifanya ndege, maana bila hilo uamuzi wenyewe hautaeleweka. Watu hudhani tatizo ni mwili wa fundi. Mwili unavishwa nguo. Tatizo ni kwamba kila kitu tulichofundishwa kupima hubadilika. Tairi iliyojazwa nitrojeni ndani ya hanga, yaani banda la kutengenezea ndege, yenye nyuzi 20 za joto, ikitolewa nje kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, hupoteza karibu moja ya tano ya mgandamizo wake pasipo kuvuja hata kidogo. Nguzo za magurudumu nazo hushuka, ndege ikaonekana imechuchumaa. Fundi mgeni akiijazia gesi kule nje mpaka isimame vizuri, jioni ikirudi ndani ya hanga yenye joto itanyanyuka kupita kiasi. Nyaya za chuma zinazovuta mabapa ya kuongozea ndege hulegea, kwa sababu bodi ya alumini husinyaa takriban mara mbili ya chuma, na urefu wa njia zilimopitishwa unapungua kuliko zenyewe zinavyopungua. Ndiyo maana hatuzipimi mpaka ndege imekaa mahali pamoja saa kadhaa, joto la bodi na la nyaya likalingana, kisha tukasoma jedwali la joto. Anayepima kwa haraka anapata namba ambayo si ya kweli hangani wala nje.

Mipira ya kuzibia ndiyo inayosumbua zaidi. Mpira uliokuwa laini Arusha, huku hukakamaa na kuacha kushika. Asubuhi unakuta mafuta ya haidroliki yamedondoka chini ya sehemu ya gurudumu, yamegandamana juu ya theluji, na unajiuliza: je, huu ni uvujaji, au ni mpira uliopoa tu? Tunapuliza hewa ya moto pale kwa muda, tunafuta, tunapandisha mgandamizo wa mfumo na kuhesabu matone kwa dakika, kisha tunalinganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye mwongozo. Mara nyingi mpira ukipata joto unarudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi anayebadilisha kifaa kwa kila tone atamaliza vipuri vya msimu mzima kabla ya Krismasi, na anayesema kila tone ni baridi siku moja atapeleka angani mfumo uliokwisha mafuta. Hapo hakuna njia ya mkato. Ni kupasha, kufuta, kuhesabu.

Hanga nayo, ambayo mtu angeiona kuwa kimbilio, ina hatari yake. Ndege iliyolala nje ikivutwa ndani, jalidi na theluji yote huyeyuka na maji hutafuta bawaba, matundu ya vipimo vya mwendo, breki na viungio vya mabapa. Ikitolewa nje ikiwa bado na unyevu, maji hayo huganda mahali ambapo hakuna atakayeyaona. Kwa hiyo kuikausha ndege ni kazi kamili, yenye mstari wake kwenye karatasi na saini yake. Si jambo la kufanywa huku tukifungasha zana.

Sasa nije kwenye kasoro zinazosubiri. Kila ndege ya abiria ina orodha iliyoidhinishwa inayosema ni vifaa gani vinaweza kuwa vibovu na ndege bado ikaruka, kwa masharti gani na kwa muda gani. Nchini Kanada, kama kwingineko kwingi, kasoro hugawanywa kwa muda wa matengenezo: daraja B siku 3, daraja C siku 10, daraja D siku 120, bila kuhesabu siku iliyogunduliwa. Fundi huandika kasoro kwenye kitabu cha ndege, hutaja kifungu cha orodha, hufanya kazi inayotakiwa ili kifaa kile kisilete madhara, hubandika kibandiko karibu na swichi yake, na kutia saini. Ni mfumo mzuri. Bila huo hakuna shirika duniani ambalo lingefika mwisho wa juma, na sisemi haya kuupinga.

Ninachosema ni kwamba orodha ile huandikwa kwa ajili ya aina ya ndege, si kwa ajili ya mahali. Haijui kwamba leo ndege inakwenda Edmonton, mji mkubwa wa kusini, kwenye hanga, magari ya umeme na ya kupasha joto, na mafundi wa zamu, na kesho inakwenda Gjoa Haven, ambako uwanja ni wa changarawe, jengo ni dogo na upepo unatoka moja kwa moja baharini. Kasoro ileile, kifungu kilekile, siku zilezile 10, lakini uzito wake si mmoja.

Mfano niutoe kwenye ATR yenyewe. Ndege hii haina injini saidizi mkiani kama ndege nyingine, yaani ile injini ndogo inayotoa umeme na hewa ndege ikiwa chini, na kusaidia kuwasha injini kubwa. Badala yake, propela ya injini ya kulia ina breki ya haidroliki. Injini ina turbini zisizofungwa pamoja: baadhi huzungusha sehemu inayokandamiza hewa, nyingine huzungusha propela. Ukiishika propela kwa breki, sehemu ile ya kwanza huendelea kuzunguka, ikatoa umeme na hewa ya moto huku propela imesimama tuli na watu wanapakia mizigo kwa usalama. Mafundi tunaiita hali hiyo hoteli, na kaskazini ndiyo inayofanya abiria wasigande wakati ndege ikishusha na kupakia kwenye uwanja usio na kitu.

Majira ya baridi yaliyopita breki ile iligoma kwenye mojawapo ya ndege zetu jioni, na kipuri hakikuwepo ghalani. Orodha inaruhusu kuahirisha. Mtu aliye kusini, akiisoma, hawezi kuona ubaya wowote: breki haitumiki angani, na uwanjani utachomeka gari la umeme. Safari ya kesho yake, hata hivyo, ilikuwa ya vijiji vitatu mfululizo, utabiri ukisema nyuzi 38 chini ya sifuri pamoja na upepo, na katika kijiji cha pili gari la umeme la uwanjani lilikuwa limeharibika tangu juma lililotangulia. Maana yake rubani angefika pale na kuwa na njia mbili tu. Azime injini zote mbili, ndege ipoe, kisha ategemee betri iliyopoa kuziwasha tena. Au aache injini ikiwaka na propela ikizunguka, huku watu wakitembea gizani juu ya barafu. Orodha haikuwa imesema lolote kuhusu kijiji cha pili.

Nilikataa kutia saini kwa safari ile. Sikusema ndege ni mbovu, kwa sababu haikuwa mbovu. Nilimweleza msimamizi wa zamu na watu wa mipango ya safari kwamba kasoro hii naiahirisha kwa safari za kusini tu, na nikaandika hivyo kwenye kitabu cha makabidhiano. Ilibidi ndege mbili zibadilishane njia, abiria wakasubiri saa kadhaa, na palikuwa na maneno. Rubani mkuu wa safari alipofika aliuliza swali moja tu, kuhusu gari la umeme la kijiji cha pili, akaupokea ubadilishaji ule bila kubishana.

Sikuitoa tahadhari hiyo kichwani mwangu. Kila fundi aliyesomea sheria za anga za Kanada amefundishwa habari ya Dryden, mji mdogo wa kaskazini magharibi mwa jimbo la Ontario. Tarehe 10 Machi 1989 ndege ya Fokker F28 ya shirika la Air Ontario ilitua hapo ikitoka Thunder Bay kuelekea Winnipeg. Injini yake saidizi ilikuwa haifanyi kazi, kasoro iliyokuwa imeahirishwa, na Dryden hapakuwa na kifaa cha kuwashia injini za ndege hiyo kutoka ardhini. Kwa hiyo wakati wa kujaza mafuta injini moja iliachwa ikiwaka, kwa kuwa zote zikizimwa zisingeweza kuwashwa tena. Theluji ilikuwa ikianguka. Utaratibu ulikataza kunyunyizia mabawa dawa ya kuyeyusha barafu injini zikiwa zinawaka. Ndege ikaondoka ikiwa na theluji na barafu mabawani, haikuweza kupanda, ikaanguka msituni chini ya kilomita moja kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Kati ya watu 69 waliokuwemo, 24 walikufa.

Tume iliyoongozwa na jaji Virgil Moshansky ilifanya kazi kwa miaka kadhaa na kutoa mapendekezo 191. Ilikataa kuishia kwa rubani. Ilifuata mnyororo mzima: usimamizi wa shirika, mamlaka iliyopaswa kukagua, mafunzo, miongozo, na ile injini saidizi iliyoachwa isubiri. Nimeusoma mnyororo huo nikiwa mwanafunzi na nimeusoma tena nikiwa na leseni, na kila mara ninayemwona ni fundi. Hakuvunja sheria kwa kuandika kwamba injini saidizi haitumiki. Kifaa kile hakikuanguka, hakikuwaka moto, hakikugusa bawa. Kilichofanya ni kumwondolea rubani njia moja, kimya kimya, katika uwanja ambao njia zenyewe zilikuwa chache. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wenzangu wanaosema kwamba kazi yetu inaishia kwenye mlango wa hanga.

Mtu anaweza kusema 1989 ni zamani. Tarehe 13 Desemba 2017, ATR 42 iliyokuwa na watu 25 iliondoka Fond-du-Lac, kijiji cha kaskazini mwa Saskatchewan, ikiwa na barafu kwenye mabawa na mkia, ikaangukia miti muda mfupi baada ya kunyanyuka. Mtu mmoja alifariki baadaye kwa majeraha, na wengine kadhaa waliumia vibaya. Wachunguzi wa Bodi ya Usalama wa Usafiri walipotazama shirika lilikuwa na nini pale cha kuondolea barafu, walikuta ngazi mbili, kinyunyizio cha mkono chenye blanketi la umeme, na chombo cha dawa. Hapo hapakuwa na suala la kasoro iliyoahirishwa. Lakini kwangu mimi ni habari moja na ile ya Dryden: ndege yenye vyeti vyote inapelekwa mahali ambapo vifaa vya kuitunza havitoshi, na pengo hilo linajazwa na matumaini ya watu walio pale usiku ule.

Baada ya kuyasema hayo, sitaki msomaji adhani kwamba jibu ni kukataa tu. Kukataa nako kuna gharama, na kaskazini gharama hiyo ina sura za watu. Kusini ndege ikikatishwa, abiria hupanda nyingine au basi. Huku mwanamke mjamzito wa Gjoa Haven hupelekwa mjini wiki kadhaa kabla ya kujifungua, na mgonjwa mwenye miadi na daktari bingwa Yellowknife huenda aliisubiri kwa miezi. Duka la kijiji likikosa shehena mbili mfululizo kwa sababu ya hali ya hewa, ya tatu ikakosekana kwa sababu yangu, rafu za matunda hubaki tupu. Nimesimama kwenye duka kama hilo na nimeziona. Fundi anayejificha nyuma ya kukataa hawatendei haki watu hao, sawa na yule anayetia saini bila kuuliza. Kinachotakiwa ni kuijua njia: uwanja gani una gari la umeme linalofanya kazi, uwanja gani una hita, nani wa kijiji anaweza kupigiwa simu alfajiri aende akaliwashe gari hilo mapema.

Na pale ambapo kasoro inaikuta ndege mbali, sisi ndio tunaofuata. Tunasafiri wawili, kwa sababu kazi yoyote iliyogusa mifumo ya kuongozea ndege au vidhibiti vya injini lazima ikaguliwe na mtu wa pili ambaye hakuifanya. Tunabeba kipuri, hema la kufunika injini, hita ya mafuta yenye bomba nene la kitambaa, taa, na zana zilizohesabiwa mara mbili. Ndani ya hema joto huwa la kuvumilika kifuani na si la kuvumilika miguuni. Kufunga waya wa usalama kwenye boliti hakuwezekani kwa glavu nene. Unazivua, unafunga mizunguko michache, unarudisha mikono mbele ya bomba la hita, unaendelea. Ngozi tupu haigusi chuma. Mwenzangu, fundi wa Kiinuit, watu wa asili wa Aktiki, aliyezaliwa Cambridge Bay, hupanga zana zote ndani ya kisanduku kilicho mbele ya hita kulingana na zitakavyohitajika, ili spana inayofuata iwe na joto wakati mkono unapoitafuta. Sikuliona hilo kwenye kitabu chochote, na tangu nilipomwona nafanya hivyohivyo.

Niliyotoka nayo nyumbani hayakupotea. Nilipohudumia Cessna Caravan zilizokuwa zikitua kwenye viwanja vya vumbi vya Serengeti, nilijifunza kupitisha kidole kwenye ukingo wa propela kila jioni kutafuta jeraha la jiwe, kulipima, na kulisawazisha kwa tupa kabla halijawa ufa. Changarawe ya Aktiki inafanya uharibifu uleule, kwenye propela na kwenye antena za tumboni, na mafundi waliokulia kwenye viwanja vya lami huchelewa kuuona. Kijana aliyefanya kazi Arusha au uwanja wa Wilson, Nairobi, asije huku akijiona mgeni wa kila kitu.

Kuhusu kasoro zinazosubiri, shirika letu limekubali pendekezo lililotolewa na mafundi wa zamu ya usiku: fomu ya kuahirisha sasa ina sehemu ya kutaja viwanja vya safari inayofuata, na mtu wa mipango ya safari hulazimika kuandika karibu na kila uwanja kama una umeme wa ardhini, hita na dawa ya kuyeyusha barafu siku hiyo, si kwa mujibu wa orodha ya mwaka jana. Mwanzoni ililalamikiwa kwamba inachelewesha. Inachelewesha kweli, kwa muda wa simu mbili au tatu. Kinachobaki kigumu ni viwanja ambavyo simu hupokelewa na mtu mmoja tu, na mtu huyo yuko likizo. Kwa hivyo tunaomba kila kijiji kiwe na jina la pili kwenye orodha ya simu kabla baridi ya Novemba haijaanza. Mpaka leo vijiji vinne vimeshatupatia.